Tutakuwa Tukikuangalia

Mama,

Damu yako bado iko. Nilitaka nianze na salamu, lakini wewe hukuwahi kunivumilia nikizungukazunguka, ungesema, "Nashipae, sema, ugali unaungua." Basi nasema. Iko Nairobi, kwa friza ya mradi, ndani ya kichupa kisichozidi kidole changu cha mwisho. Kichupa hakina jina. Kina namba, na vile vistari vyeusi vya kusomwa na mashine. Mwezi uliopita niliitwa ofisini nikaambiwa familia iseme: ikae, au itupwe.

Mtu wa kwanza niliyetaka kumuuliza ni wewe. Unaona nilivyo mjinga. Nilitoa simu kwa mfuko kabisa, nikafika kwa jina lako, ndipo nikakumbuka. Mwaka mmoja na zaidi, na kidole bado kinajiendea chenyewe.

Wacha nikupe habari za nyumbani kwanza, maana hutasikiza mengine kabla ya hizo. Mke wa kaka yangu amejifungua msichana. Wajomba wametuma neno kutoka Makueni kwamba mtoto ni Mumbua, jina lako, na hakuna mjadala, Kikamba ni hivyo. Papa naye, si unamjua, kwa Wamaasai aliyekufa hatajwi jina. Kwa hivyo nyumba nzima inaita Mumbua, na Papa peke yake anaita "yule mgeni." "Mgeni amelala?" "Mgeni amenyonya?" Jana alimbeba akamwimbia wimbo wa ng'ombe. Shamba la jirani upande wa barabara limekatwa ploti, mawe ya mipaka yamesimama kila mahali, na mbuzi wetu hawajaelewa bado. Papa anajipikia chai. Ndiyo, Papa! Anaimwaga nusu kwa jiko lakini anapika. Tangu nimwambie kwamba chai ya kuchoma koo si nzuri, anaiacha ipoe huku ameikodolea macho kwa hasira, ndipo anywe.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilikuwa cha nyumba yetu. Kikamba chako kilimshinda Papa. Kimaa chake ulikiongea ukikikanyaga, mpaka akina mama wa kwetu Kisaju wakikusalimia "Takwenya" walikuwa wanangoja tu uendelee ndio wacheke. Kiswahili hakikuwa cha yeyote kati yenu, kwa hivyo hakuna aliyemcheka mwenzake. Mimi nilikulia hapo katikati, nikajiona fundi wa maneno. Hata kazi nilipata kwa sababu ya huo mdomo.

Unakumbuka siku niliyokuja kukuambia nimeandikwa kazi? Nilisema ni mradi wa utafiti, wa saratani ya koo, ile inayofunga njia ya chakula. Watafiti wanataka kujua kwa nini huku kwetu inashika watu wengi, hata wasiovuta sigara, hata vijana. Wanachukua damu ya wagonjwa na damu ya watu wasio wagonjwa, wanalinganisha. Nikakueleza jeni, vile nilivyofundishwa siku mbili tu na mimi nikajiona profesa: kwamba ndani ya damu kuna maandishi, na siku hizi kuna mashine za kuyasoma herufi kwa herufi. Ukaacha kuchambua mboga. "Kwa hivyo damu yangu inaweza kusomwa mpaka mwisho," ukasema, "na wewe barua ya mwalimu mkuu ulishindwa kunisomea yote." Haki Mama, barua ile ulijuaje niliruka mistari?

Ndipo zikaanza Jumapili zetu. Nikishuka Kisaju baada ya kanisa, kabla sijavua viatu, ulikuwa unauliza, "Haya, wiki hii wamegundua nini?" Na mimi nilikuwa nakuja nimejitayarisha. Nilikuletea chanjo ya malaria, ukapiga makofi, ukataja ndugu yako mdogo aliyekufa na homa kabla mimi sijazaliwa. Nilikuletea sindano ya kuzuia ukimwi, mbili tu kwa mwaka, ukasema wangeharakisha. Nilikuletea wale watoto wa seli mundu ambao madaktari wametoa uboho, wakarekebisha maandishi, wakawarudishia. Na nilikuletea figo ya nguruwe iliyotiwa ndani ya mtu. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Papa yako asisikie! Huyo mtu akija hapa hatapewa kiti!" Halafu ukafuta macho na leso, ukasema kwa sauti nyingine kabisa, "Lakini anaishi? Basi ni sawa. Akiishi ni sawa."

Nilikuwa najivuna nikikuambia. Nilikuwa nabeba hizo habari utadhani ni mimi nimegundua.

Sasa nikuambie ambalo hukulijua. Au labda ulilijua, sijui wafu wanajua nini.

Kabla ya kuanza kuandikisha watu tulikaa Kitengela, kwa ukumbi wa kukodi, tukitafsiri fomu. Tulikuwa watu wanane. Kuna mahali fomu ya Kizungu ilisema kwamba baada ya kutoa damu, mtu atafuatwa. Yaani kila miezi sita tutarudi kumuuliza maswali, tujue ameugua nini, amekula nini, bado yuko. Tukaandika "tutakufuata." Tukalijaribu kwa akina mama wachache wa sokoni. Wakashtuka. Mmoja akasema, "Mnifuate kwani nimeiba?" Mwingine akasema anayefuatwa ni mtu ambaye hajalipa, au ambaye amerogwa. Tukarudi kukuna vichwa. Mmoja akaleta "tutafuatilia," likaonekana la polisi. Na mimi, fundi wa maneno, mtoto wa Kisaju, nikainua mkono nikasema: andikeni "tutakuwa tukikuangalia."

Walipiga makofi, Mama. Mkubwa wetu alisema hilo ndilo, ni laini, linaingia. Na liliingia kweli. Mtu akilisikia alikuwa anatoa mkono bila swali.

Hata mwanafunzi wa darasa la tatu angenishinda hapo. Mtoto akiachiwa jirani, si tunasema niangalizie mtoto? Ng'ombe akiumwa, si tunasema ameitiwa mtu wa kumwangalia? Ukitoka kwa daktari, unasema nini? Ameniangalia. Nilijua hizo zote. Nimezitumia maisha yangu yote. Lakini siku ile nilikuwa nafikiria fomu tu, vile itapendeza, vile watu watakubali.

Na wa kwanza kukubali ulikuwa wewe. Nilileta meza pale kiwanja cha kanisa, watu wakawa wanasukumana kwa macho, hakuna anayetaka kuanza. Ukatoka kwa kiti ukisema, "Kama ni mtoto wangu, mimi siogopi." Nikakusomea fomu yote kwa sauti ili wengine wasikie. Ukaweka sahihi yako, ile ya kuinama kushoto. Chini yake kuna mstari wa aliyeelezea, nikaweka yangu. Wanawake kumi na tatu wakakufuata kwa mstari, na jioni ile mkubwa wangu alinisifu kwa simu, nawe ulikuwa umeketi hapo ukisikia, ukitabasamu kwa sababu umenisaidia.

Kutoka siku hiyo ukawa unawaambia watu, "Mimi naangaliwa na madaktari wa Nairobi." Nilikusikia mara mbili au tatu. Nilicheka. Nilidhani unajigamba tu kwa sababu yangu.

Chakula kilianza kukwama lini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nakumbuka Jumapili moja ulipika muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya kwenu, ukala vijiko viwili ukasema umeshiba kwa kuonja. Nakumbuka chapati, ulikuwa unaichovya kwa chai mpaka inakuwa uji, nikakuuliza, ukasema, "Huu ni ufundi wa uzee, utaujua." Nakumbuka kitenge kile cha bluu kimezunguka kiuno mara mbili na zamani kilizunguka mara moja na nusu. Niliona. Usidhani sikuona. Niliona halafu nikakuambia habari za figo ya nguruwe.

Mama Sein, jirani yetu, ameniambia baada ya mazishi kwamba alikukuta ukitema chakula nyuma ya boma, akakuambia mwende hospitali Kajiado, akasema hata atakusindikiza. Ukamjibu, "Kwani mimi siangaliwi? Wangekuwa wameona kitu kwa hiyo damu wangeniambia. Na wanarudi likizo ya shule, nitawaambia wao wenyewe."

Uliwangoja, Mama. Ulitungoja. Tangu Pasaka mpaka likizo ya mwezi wa nane.

Siku ile nilikuja na tableti ya mradi, nikakaa kwa kile kigoda cha Papa. Ulikuwa umevaa nguo ya kanisa. Nilikutania, nikasema leo kuna harusi gani. Ukaketi wima, mikono magotini, ukanijibu swali moja moja kama mtu aliye mbele ya hakimu. Umri. Watoto. Unapika na kuni au makaa. Chai unainywa ya moto, vuguvugu, au baridi. Nikafika swali la kumi na tisa, nikasoma bila hata kuinua kichwa, "Je, una shida yoyote ya kumeza?"

Ukasema, "Ndiyo, tangu Pasaka. Ilianza na nyama, ikaja ugali, sasa ni uji na maziwa tu. Na hapa katikati ya kifua panauma."

Ulisema yote kwa mpangilio. Ulikuwa umeyapanga. Nikainua macho, nikaona kwamba huongei na mimi, unaongea na tableti, unaongea na hao watu wa Nairobi waliokuwa wakikuangalia. Nikapiga kelele, "Mama, mbona hukuniambia?" Ukashangaa kweli. Hukuwa unajitetea. Ukasema, "Si ndio nakuambia? Nilikuwa nangoja siku yenu."

Mengine unayajua kuliko mimi, yalipita kwa mwili wako. Ile kamera waliyoshusha kooni. Daktari aliyekuwa anaongea na mimi kana kwamba hauko pale. Mpira waliokuwekea ndani ili uji upite, na furaha uliyokuwa nayo wiki ile moja, ukaomba supu, ukamaliza kikombe, ukamwambia nesi kwamba Mungu si Athumani. Halafu koo likaziba tena. Ulikufa Jumanne saa nne asubuhi, mimi nimeenda kwa duka la hospitali kukununulia maziwa. Niliyarudisha nyumbani hayo maziwa. Sikujua niyapeleke wapi.

Sikumwambia mtu habari ya lile neno. Papa hakujua. Kaka hakujua. Kwa mazishi mchungaji alisema ulikuwa mama mwenye subira, nikataka kusimama nimwambie nyamaza, haikuwa subira, alidanganywa, na aliyemdanganya ni huyu hapa mstari wa mbele analia kuliko wote. Nilikaa. Niliendelea na kazi. Unaweza kuamini? Niliendelea kusoma fomu ile ile kwa watu wengine, Gataka, Ngong, Isinya, na nikifika kwa lile neno nilikuwa nalipita haraka, kama ile mistari ya barua ya mwalimu.

Basi ndio mwezi uliopita tukaitwa ofisini. Kulikuwa na daktari mmoja msichana, mdogo kwangu, mtafiti, mwenye sauti ya chini. Alitueleza mambo yalipofika, na kila alilosema nilikuwa naliweka kando nikuletee Jumapili. Nikuambie basi, ndiyo hii Jumapili.

Alisema siku hizi wanasoma uvimbe wenyewe herufi kwa herufi. Moshi wa sigara ukiharibu mwili huwa unaacha alama zake kwa yale maandishi, jua likichoma ngozi linaacha zake. Kwa hivyo wamesoma uvimbe wa koo wa watu wa nchi nyingi, na wa kwetu Afrika Mashariki wakiwamo, wakitafuta alama ya kitu fulani, waseme ni hiki, kiacheni. Hawajaipata. Wanashuku chai ya moto, wanashuku moshi wa jikoni, wanashuku mambo mengi, lakini ile alama moja ya kusema ni hiki, bado. Nilishukuru kwamba alisema "bado." Wengine wangetupamba maneno.

Halafu akatoa kitu kwa mfuko wa koti akakipitisha mkono kwa mkono. Kidonge, Mama. Kidonge cha kawaida, ila kina uzi. Unakimeza na maji, uzi unabaki nje mdomoni. Ngozi yake inayeyuka tumboni, ndani kuna sponji ndogo inafunguka, halafu nesi anavuta uzi, sponji inapanda ikikwangua koo polepole, inatoka na chembechembe za kwenda kupimwa. Dakika chache tu. Haihitaji kamera, haihitaji kulazwa. Kuna nchi zinakitumia, kwetu bado kinajaribiwa, na hakijafika kwa kliniki za kina sisi. Kilinifikia mkononi nikakishika. Ni chepesi sana. Nikafikiria ungekiuliza maswali gani, ungetaka kujua uzi ni wa cherehani au ni wa nini. Ilibidi nitoke nje. Nililia pale kwa maegesho, katikati ya magari ya watu, askari wa lango akaniletea kiti.

Niliporudi ndani ndipo nikapewa karatasi yako. Ya wale waliokufa, familia iamue. Na kwa sababu mimi ndiye niliyeelezea mara ya kwanza, siruhusiwi kuweka sahihi. Lazima Papa.

Nilishuka Kisaju Jumamosi. Papa alikuwa anamfunga ndama. Nilimwambia yote tukiwa tumesimama pale zizini, kwa sababu nilijua tukikaa nitaogopa. Nikamwambia habari ya fomu, ya "tutakufuata," ya mkono nilioinua. Nikamwambia kwamba ulingoja kwa sababu ya neno langu. Sikusema la mradi. Langu.

Papa alimaliza kufunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. Halafu akauliza hiyo damu imeandikwaje. Nikamwambia haina jina, ina namba tu, nikaanza kuomba msamaha, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa linaniuma, ulale kwenye baridi bila hata jina. Akanikatiza. "Hawamtaji?" Nikasema hapana, hawamtaji. Akasema, "Vizuri. Hao angalau wana adabu."

Akauliza, "Inasaidia nini?" Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema mambo mazuri, nikaufunga. Nikasema, "Haisaidii mtu yeyote hapa leo. Labda itamsaidia mgeni akiwa mkubwa. Labda haitasaidia kitu, Papa. Sijui."

Alichukua kalamu, akaweka alama yake, ikae. Halafu akanirudishia karatasi bila kuniangalia usoni, akasema, "Nimekukasirikia. Nitakukasirikia kwa muda, usiniharakishe. Lakini Jumapili uje." Akaenda kwa ng'ombe wake. Hiyo ilikuwa zaidi ya nilichostahili, na bado iliniuma.

Jumatatu nilienda kwa mkubwa wangu nikamwambia lile neno litoke kwa fomu au mimi nitoke. Nilidhani atanifukuza. Alifungua laptopu yake, akasema nikae tuandike. Tuliandika siku nzima. Yule daktari mwenye sauti ya chini akatusaidia kuipeleka kwa wanaopitisha fomu, na ikapitishwa. Haipendezi hata kidogo. Inasema hivi: tutachukua damu yako. Hatutakutibu. Hatutakuambia kama una ugonjwa. Tutarudi baada ya miezi sita kukuuliza maswali tu. Ukiugua, usitungoje, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki iliyopita tuliirudisha Kisaju, kiwanja kile kile, meza ile ile. Walikuja wengi, pamoja na wale kumi na tatu. Papa naye alikuja. Yeye asiyekaa na wanawake, sijui nini kilimleta. Alisimama nyuma kwa ua, shuka begani, fimbo mkononi. Nikasoma fomu. Nilipomaliza, sauti yake ikatoka kule nyuma, na aliuliza kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Kwa hivyo nyinyi mnatuangalia, ama hamtuangalii?"

Alijua jibu. Aliuliza ili nilitoe mbele ya watu.

Nikasema, "Hapana, Papa. Hatuwaangalii." Nikawaambia kwa nini nilisema hivyo zamani. Nikawaambia ulivyongoja; walikuona ukikonda, lakini hawakujua kwa nini hukuenda hospitali. Sikulia mpaka nilipofika kwa ile nguo ya kanisa. Wanawake wanne walisimama wakaenda zao, na mmoja alinitemea maneno ambayo siwezi kukuandikia, na sikumjibu. Wengine walibaki. Papa alipita katikati yao akakaa mbele ya meza, akavuta shuka kutoka mkononi. "Basi chukua," akasema. "Sasa najua ni ya nini." Mwenzangu alimtoa damu.

Nilikuwa naandika namba yake nilipoona mtu amesimama kando yangu. Alikuwa Mama Sein. Hakuketi. Aliinama sikioni akaniambia kwamba yeye pia, tangu mavuno, ugali unamkwama hapa, akaonyesha. Alikuwa anangoja turudi. Yeye aliyetaka kukupeleka hospitali, Mama! Naye alikuwa kwa ule mstari wa wanawake kumi na tatu. Akaniuliza, "Sasa nitangoja mpaka mrudi tena?"

Nilifunga kalamu. Nikamwachia mwenzangu meza, vichupa, karatasi, watu, kila kitu. Nikamshika Mama Sein mkono tukatoka langoni na aproni ya mradi bado nimeifunga kiunoni. Tulifika Kajiado kabla ya chakula cha mchana. Wamempa siku ya kamera, ni Alhamisi hii. Sijui watapata nini. Inaweza kuwa vidonda tu. Inaweza kuwa ile. Yeye mwenyewe anasema ni meno, na nimemwambia meno hayako kifuani.

Siwezi kukuomba msamaha kwa barua, karatasi haina sikio. Lakini nitakuahidi kimoja, na ni kidogo kiasi kwamba naweza kukitimiza. Alhamisi nitakuwa kwa mlango wa hicho chumba kabla Mama Sein hajafika, na akitoka nitakuwa hapo. Sitakuwa na tableti. Sitaenda dukani. Akiambiwa zuri au baya, atanikuta nimesimama, na kesho yake pia, na ile nyingine, mpaka apone au mpaka mwisho.

Kwaheri, Mama. Lala na jina lako, huku kwangu nitalitaja.

Ni mimi, mtoto wako, si mtu wa mradi,

Nashipae